Mfalme aliyechana hukumu ya kifo: opera ya Mozart na swali la msamaha huko Kiwanja

Mwezi Septemba 1791, katika mji wa Prague, mwanamuziki Wolfgang Amadeus Mozart aliwaonyesha watu opera moja inayomalizika kwa msamaha. Kijana mmoja amepanga njama ya kumuua mfalme ambaye ni rafiki yake. Moto umewashwa katikati ya mji. Baraza limekaa na kumhukumu kifo. Kinachobaki ni saini ya mfalme tu. Mfalme anashika karatasi, anafikiri muda mrefu, kisha anaichana.

Opera hiyo inaitwa La clemenza di Tito, yaani Huruma ya Tito. Iliimbwa kwa Kiitaliano, na kwa zaidi ya miaka 30 baada ya kifo cha Mozart ilikuwa moja ya kazi zake zilizopendwa sana Ulaya. Kisha ikasahaulika kwa muda mrefu, na katika miaka ya karibuni imerudi tena kwa nguvu kwenye majumba makubwa ya maigizo.

Kwa mtu wa Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru, hadithi hii haiko mbali kama inavyoonekana. Mji huo ulio kilometa zipatazo 70 kaskazini mwa Goma, kando ya barabara ya kitaifa namba 2, umebadilisha mikono mara nyingi tangu mwaka 2008. Kila mara bunduki zinaponyamaza, neno moja linashuka kutoka juu: msamaha. Linatoka kwenye meza za mazungumzo, linaandikwa katika sheria, linasomwa redioni. Na kila mara raia wanabaki na swali lile lile: anayesamehe ni nani, na anasamehe kwa niaba ya nani?

Kazi iliyofanywa mbiombio

Opera ya Tito haikuzaliwa kwa hamu ya Mozart. Iliagizwa. Leopold wa Pili, mfalme wa ukoo wa Habsburg, alikuwa anakwenda Prague kuvishwa taji la ufalme wa Bohemia, na wakubwa wa jimbo hilo walitaka sherehe yenye heshima. Tarehe 8 Julai 1791 walitia saini mkataba na Domenico Guardasoni, msimamizi wa kikundi cha opera mjini humo. Kwanza Guardasoni alimwendea Antonio Salieri, mwanamuziki mkubwa wa Vienna, lakini huyo alikataa kwa sababu ya kazi nyingi. Ndipo Mozart akapewa kazi hiyo, wiki chache tu kabla ya sherehe. Mwandishi mmoja wa zamani wa maisha yake alidai kwamba aliimaliza kwa siku 18.

Maneno ya opera hayakuwa mapya. Yaliandikwa mwaka 1734 na mshairi Pietro Metastasio, na wanamuziki zaidi ya 40 walikuwa wameshayatungia muziki. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa: andiko zuri lilipita kutoka mkono hadi mkono, kama vile leo wimbo mmoja wa dini unavyoweza kuimbwa na korali kumi, kila moja kwa mtindo wake. Mshairi Caterino Mazzolà alilifupisha andiko hilo kutoka sehemu tatu hadi mbili, akaongeza nafasi za kuimba watu wawili, watatu au wote kwa pamoja.

Aina hii ya opera ilikuwa na kanuni zake. Haikuwa ya kuchekesha. Ilihusu wafalme, mashujaa na watu wa kale, na mwishoni mtawala mwema alitakiwa kushinda hasira yake. Sauti za juu zilipendwa kuliko zote. Nafasi ya Sesto, kijana aliyemsaliti rafiki yake, iliimbwa mwaka 1791 na Domenico Bedini, mmoja wa wanaume waliokatwa uanaume wakiwa watoto ili sauti isikomae. Desturi hiyo ya kikatili imekwisha zamani. Leo nafasi hiyo huimbwa zaidi na wanawake, na mara nyingine na wanaume wanaojua kuimba kwa sauti ya juu kabisa.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 6 Septemba 1791, siku ile ile ya kuvishwa taji. Halikupokelewa kwa shangwe kubwa. Lakini onyesho la mwisho la mfululizo huo, tarehe 30 Septemba, lilipigiwa makofi mengi, na Mozart aliandika habari hiyo kwa furaha katika barua kwa mke wake. Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Desemba 1791, Mozart alifariki akiwa na umri wa miaka 35. Mjane wake Constanze, aliyebaki na madeni na watoto wawili, aliitumia opera hii katika miji kama Vienna, Leipzig na Berlin ili kupata pesa za kuishi. Mwaka 1806 ikawa opera ya kwanza ya Mozart kuchezwa London.

Njama, moto na karatasi

Hadithi yenyewe inaanza na mwanamke mwenye uchungu. Vitellia ni binti wa mfalme wa Roma aliyepinduliwa. Anaona kiti cha Tito kilikuwa haki ya nyumba yake. Anajua kwamba Sesto anampenda mpaka amepofuka, basi anamwambia: ukitaka mapenzi yangu, muue Tito. Sesto anateseka. Tito ni rafiki yake wa kweli. Lakini anakubali.

Wakati huo Tito anatafuta mke. Amemfukuza Bernike, mwanamke aliyempenda, kwa sababu Waroma hawamtaki malkia mgeni. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo: ni Bernike yule yule anayetajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 25, aliyekuja pamoja na Agripa kumsikiliza Paulo. Tito anamchagua kwanza Servilia, dada wa Sesto. Servilia anamwambia ukweli usoni kwamba anampenda mwanaume mwingine, Annio. Badala ya kukasirika, mfalme anamshukuru kwa kusema kweli na kumwacha huru. Kisha anamchagua Vitellia. Lakini habari inamfikia Vitellia akiwa amechelewa: Sesto ameshaondoka na kisu chake, na moto umeshawashwa kwenye kilima cha Capitol.

Hapo ndipo Mozart alifanya jambo ambalo wasikilizaji wake hawakulizoea. Sehemu ya kwanza ya opera kwa kawaida ilimalizika kwa kishindo. Yeye aliimaliza polepole, kwa huzuni. Wakubwa wako mbele ya jukwaa, kila mmoja na hofu yake. Raia wa Roma hawaonekani. Wanasikika tu kutoka nyuma, wakilia gizani wakati mji unaungua.

Katika sehemu ya pili inajulikana kwamba Tito hakufa, aliyechomwa kisu ni mtu mwingine. Sesto anakamatwa. Tito anamwita peke yake na kumwomba amweleze ukweli kama rafiki kwa rafiki. Sesto anakataa kusema, maana akisema atamtaja Vitellia. Baada ya kuachwa peke yake, Tito anaichana hukumu ya kifo, lakini hamwambii mtu yeyote. Mbele ya umati, wakati wote wanadhani Sesto anapelekwa kwa wanyama wakali, Vitellia anajitokeza na kukiri: mimi ndiye niliyepanga yote. Tito anawasamehe wote, na watu wanaimba sifa zake.

Tito wa kweli

Mfalme Tito alikuwepo kweli. Alitawala Roma kuanzia mwaka 79 mpaka mwaka 81 baada ya Kristo. Mwanahistoria Suetonius aliandika kwamba aliwasamehe vijana wawili wa ukoo mkubwa waliotaka kumpindua. Lakini miaka michache kabla ya kupanda kitini, mwaka 70, Tito huyo huyo ndiye aliyeongoza jeshi lililoibomoa Yerusalemu na kulichoma hekalu. Watu wa Yerusalemu hawamo katika opera. Mtawala anaweza kukumbukwa kwa huruma yake kwa watu wa karibu, huku wale aliowaponda mbali wakikosa hata mstari mmoja wa wimbo.

Kuna jambo jingine ambalo wakaaji wa Goma na Nyiragongo watalielewa haraka. Mwaka ule wa kwanza wa utawala wa Tito, mlima wa moto Vesuvius ulilipuka na kuizika miji ya Pompei na Herculaneum. Katika opera, watu wanataka kumjengea Tito hekalu la kumsifu kwa pesa za ushuru. Tito anakataa, anaagiza pesa hizo ziende kwa waliopoteza mali zao kwa mlipuko. Mtu aliyeona nyumba yake ikimezwa na lava ya Januari 2002, au aliyekimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, anajua thamani ya uamuzi wa namna hiyo.

Basi Tito wa opera anajua kwamba aliyepoteza kitu anatakiwa kusaidiwa, si kuimbiwa tu. Hata hivyo, baada ya moto wa Capitol, hakuna neno hata moja juu ya walioungua. Kesi yote inakuwa kati ya mfalme na rafiki yake. Tito anasamehe kosa alilotendewa yeye, na hilo ni haki yake. Lakini moto haukuwashwa chumbani kwake. Uliwashwa katikati ya mji wenye watu.

Novemba 2008

Kiwanja wanaujua moto wa namna hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 2008, waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda waliteka Rutshuru na Kiwanja. Tarehe 4 Novemba wapiganaji wa Mai-Mai waliwashambulia humo. CNDP walipourudisha mji mikononi mwao, walianza kupita nyumba kwa nyumba. Wengi waliouawa tarehe 4 na 5 Novemba walikuwa wanaume na vijana waliodhaniwa kuwa Mai-Mai. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau watu 150 waliouawa, wengi wao na CNDP, wengine na Mai-Mai. Kituo cha walinda amani wa MONUC kilikuwa umbali usiofika kilometa mbili.

Shirika hilo lilieleza pia kwamba askari wa CNDP waliokuwa Kiwanja siku hizo waliongozwa na Bosco Ntaganda, mkuu wa kijeshi wa kundi hilo. Wakati huo Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ilikuwa tayari imetoa hati ya kumkamata kwa makosa ya Ituri.

Kilichofuata hakikuwa kesi. Januari 2009 Nkunda alikamatwa nchini Rwanda, na Ntaganda akatangaza mwisho wa vita. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ya Kinshasa na CNDP walitia saini makubaliano ya amani mjini Goma. Wapiganaji wakaingizwa katika jeshi la FARDC. Ntaganda akawa jenerali wa jeshi la taifa, akiishi Goma mbele ya macho ya kila mtu. Wakuu wa serikali walijitetea kwa kusema kwamba amani inatangulia haki.

Msamaha ulioandikwa

Tarehe 7 Mei 2009 rais Joseph Kabila alitangaza sheria ya msamaha kwa matendo ya vita na ya uasi katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Ukiisoma sheria hiyo, haikuwa pana kama wengi walivyodhani. Iliacha nje mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa inasema: kosa la kuchukua silaha dhidi ya dola, dola inaweza kulisamehe. Kosa la kuwatoa raia ndani ya nyumba na kuwaua halimo.

Hapo sheria ya Congo ilikuwa na hekima kuliko opera ya Metastasio. Ilitenganisha vitu viwili ambavyo Tito anavichanganya: jeraha la mtawala na jeraha la raia. Shida haikuwa katika karatasi. Shida ilikuwa kwamba kwa watu wa Kiwanja, matokeo yalifanana. Walioachwa nje ya msamaha hawakuletwa mbele ya mahakama kwa ajili ya tarehe 4 na 5 Novemba, na waliosamehewa walirudi wakiwa na magwanda mapya.

Mwaka 2012 baadhi ya askari hao hao waliasi tena na kuunda M23. Julai mwaka huo Rutshuru na Kiwanja zikawa mikononi mwao, mpaka mwisho wa Oktoba 2013 majeshi ya serikali yakisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa yalipowaondoa. Desemba 2013 hati za kumaliza vita zilitiwa saini Nairobi. Tarehe 11 Februari 2014 ikaja sheria nyingine ya msamaha. Hii nayo iliacha nje uhalifu mkubwa, pamoja na ubakaji na mateso, na ilimtaka kila anayesamehewa aweke saini ya kuahidi kwamba hatarudia. Tito hakumdai Sesto ahadi yoyote. Kinshasa ilidai. Lakini Oktoba 2022 M23 waliingia tena Kiwanja, na mwishoni mwa Januari 2025 waliingia Goma.

Ntaganda mwenyewe aliishia The Hague. Machi 2013 alijisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali. Julai 2019 ICC ilimkuta na hatia ya makosa 18 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, na Novemba mwaka huo ilimpa kifungo cha miaka 30. Makosa yote hayo yalikuwa ya Ituri, ya mwaka 2002 na 2003. Kiwanja haikuwemo katika mashtaka. Mtu aliyempoteza mume au mtoto Novemba 2008 anaweza kusikia redioni kwamba jenerali amefungwa, na bado jina la mji wake lisisomwe mbele ya majaji.

Kalamu ya rais

Mfalme Leopold, aliyetazama opera ya Tito siku ya taji lake, alikuwa na sababu ya kuipenda. Mwaka 1786, alipokuwa mtawala wa Toscana nchini Italia, aliifuta adhabu ya kifo katika nchi hiyo. Lakini mwaka 1791 haukuwa mwaka wa utulivu. Ufaransa ilikuwa katika mapinduzi, na dada yake Marie-Antoinette alikuwa chini ya ulinzi mjini Paris pamoja na mume wake, mfalme Louis wa 16. Opera iliyomsifu mfalme mwenye huruma ilikuwa pia ujumbe: watawala wema wapo, hakuna haja ya kuwapindua.

Congo imepita njia hiyo kinyumenyume. Tangu mwaka 2003 mahakama ziliendelea kutoa hukumu za kifo, lakini utekelezaji ulisimamishwa. Tarehe 13 Machi 2024 wizara ya sheria iliandika waraka wa kuondoa kizuizi hicho, ikitaja usaliti ndani ya jeshi na ujambazi wa mijini. Julai mwaka huo mahakama ya kijeshi ilikaa wilayani Lubero na kuwahukumu kifo askari 25 walioshtakiwa kukimbia mbele ya adui.

Halafu ikaja kesi inayofanana na ya Sesto kabisa. Tarehe 19 Mei 2024 watu wenye silaha waliongozwa na Christian Malanga wakaingia katika ikulu mjini Kinshasa. Malanga aliuawa siku hiyo. Tarehe 13 Septemba mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 37, wakiwemo Wamarekani watatu. Aprili 2025 rais Félix Tshisekedi aligeuza hukumu ya Wamarekani hao kuwa kifungo cha maisha, na siku chache baadaye wakapelekwa kwao Marekani.

Katiba inampa rais mamlaka hayo, na kuokoa maisha ya mtu si jambo la kulaumiwa. Ila tukio hilo linaonyesha kitu ambacho opera inakificha kwa nyimbo nzuri: huruma ya mtawala ni zawadi, si haki. Zawadi inaweza kumfikia huyu na kumpita yule. Septemba 2025 hali iligeuka tena kwa namna ya pekee, pale mahakama kuu ya kijeshi ilipomhukumu kifo Joseph Kabila bila yeye kuwepo. Mtu aliyetangaza sheria mbili za msamaha sasa yuko upande wa pili wa karatasi.

Kutoka Bukavu hadi Geneva

Kuna mtu mmoja wa maigizo aliyeishika mikononi mwake Congo ya mashariki na opera ya Tito pia. Ni Milo Rau, Mswisi. Mwaka 2015 aliandaa Bukavu kile alichokiita Mahakama ya Congo. Kwa siku tatu, kuanzia tarehe 29 Mei, majaji na mawakili wa kweli waliwasikiliza mashahidi wa kweli juu ya machimbo ya Bisie na Twangiza, na juu ya mauaji ya Mutarule ya mwaka 2014. Mahakama hiyo haikuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Ilikuwa igizo. Lakini watu walisema kwa sauti, mbele ya maafisa, mambo ambayo hakuna mahakama ya serikali iliyokuwa imewauliza.

Mwaka 2021 Rau huyo huyo alipewa kuiongoza La clemenza di Tito katika jumba kubwa la opera la Geneva. Kwa sababu ya korona, onyesho la Februari lilitazamwa kwa intaneti. Rau hakuichukua huruma ya Tito kama kitu cha kusifiwa bila maswali. Aliwaweka jukwaani wakaaji wa kawaida wa Geneva pamoja na waimbaji, na akauliza huruma hiyo inamfaidi nani: aliyeumizwa, au mkubwa anayetaka kuonekana mwema na kubaki kitini?

Jumba hilo hilo, Januari 2024, lilizindua opera mpya inayotoka moja kwa moja Katanga. Inaitwa Justice, yaani Haki. Muziki ni wa Hèctor Parra, maneno ni ya Fiston Mwanza Mujila, mwandishi mzaliwa wa Lubumbashi, na Rau aliiongoza. Inahusu ajali ya Februari 2019 katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, ambapo lori lililobeba asidi liligongana na basi na zaidi ya watu 20 wakafa. Mmoja wa waimbaji ni Serge Kakudji, Mkongomani wa Katanga mwenye sauti ya juu ya kiume, sauti ile ile ambayo zamani ilitafutwa kwa nafasi kama ya Sesto. Kakudji alijulikana duniani mwaka 2014 kwa onyesho la Coup Fatal, alipoimba nyimbo za opera za kale pamoja na wapigaji wa Kinshasa, likembe na gitaa vikiwemo.

Ukizilinganisha opera hizi mbili, tofauti inaonekana mara moja. Katika ile ya 1791 raia wanalia nyuma ya pazia na mfalme yuko mbele. Katika ile ya 2024 waliokatwa miguu na waliofiwa ndio wanaosimama mbele.

Ukweli kwanza

Pamoja na hayo yote, opera ya Mozart haina uongo wa kijuujuu. Ukiiangalia vizuri, utaona kwamba msamaha wa Tito peke yake haumalizi hadithi. Ameshaichana karatasi, na bado hajui nani alipanga njama. Hadithi inakamilika tu pale Vitellia anapojitokeza mbele ya watu wote. Hakulazimishwa na mahakama. Alikuwa karibu kuwa malkia, na kukiri kungempotezea taji na pengine uhai. Mozart alimpa hapo moja ya nyimbo nzito kuliko zote katika opera hiyo, sauti ya mwanamke ikiandamana na ala ya kupuliza yenye sauti ya chini, iliyopigwa Prague na rafiki yake Anton Stadler. Wimbo huo si wa mfalme anayesamehe. Ni wa mkosaji anayeamua kusema.

Hicho ndicho kinachokosekana Rutshuru. Sheria za msamaha zimekuwa mbili, makubaliano yamekuwa mengi kuliko hayo, lakini hakuna Vitellia aliyesimama Kiwanja na kusema: ni mimi nilitoa amri. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la Novemba 2008 halijapoa kwa kuwa halijaguswa na dawa yoyote, ya ukweli wala ya fidia.

Milango bado haijafungwa yote. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imetambua haki ya fidia kwa wahanga wa ubakaji wa vita na wa uhalifu mwingine mkubwa, na mfuko wa FONAREV umeundwa kwa kazi hiyo. Oktoba 2024 ofisi ya mwendesha mashtaka wa ICC ilitangaza kuufufua uchunguzi wake juu ya Congo, ikielekeza macho kwa uhalifu wa Kivu Kaskazini tangu Januari 2022. Huko Doha, ambapo serikali na AFC/M23 walitia saini mkataba wa mwongozo tarehe 15 Novemba 2025, suala la haki, ukweli na maridhiano ni miongoni mwa mambo yaliyowekwa mezani.

Siku moja huenda neno msamaha litashuka tena kutoka kwenye meza hiyo. Likishuka, watu wa Kiwanja watakuwa na haki ya kuuliza maswali ambayo raia wa Roma hawakupewa nafasi ya kuyauliza katika opera. Nani aliwasha moto? Walioungua majina yao ni nani? Nyumba zao zitajengwa na nani? Yakijibiwa hayo, aliyefiwa anaweza kuamua mwenyewe kama anasamehe au hasamehi. Karatasi ya dola ni ya dola, na rais anaweza kuichana akitaka. Ila iliyo moyoni mwa mjane wa Kiwanja, hakuna mfalme mwenye kalamu ya kuitia saini.